Mwalimu wa Herufi na Michoro: Mhadhara kwa Watu wa Ziwani



Nimeombwa nizungumze habari za kazi ambayo wazazi wengi wa mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, mtoto anapowaambia kuwa ndiyo aliyoichagua chuoni, humsikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha humuuliza kama nafasi za ualimu na za uhasibu zimekwisha. Kazi yenyewe ni ya mwalimu wa chuo kikuu anayefundisha usanifu wa michoro, yaani elimu ya kupanga herufi, picha, rangi na nafasi tupu juu ya karatasi, ukuta, kitambaa au kioo cha simu, hata mwenye kutazama aipate habari aliyokusudiwa bila ya kupotea njiani; naye mwalimu huyo, juu ya kufundisha, hutakiwa afanye utafiti na kuuandika, na juu ya utafiti hutarajiwa aendelee kuifanya kazi yenyewe kwa mkono wake, kwa wateja wenye haraka na wenye kulipa. Watu huyahesabu mambo hayo kuwa shughuli tatu zinazogombea saa za mtu mmoja. Mimi nadai kwamba ni shughuli moja, na kwamba Nairobi ilikwisha kuiona ikiwa nzima ndani ya mtu mmoja tangu miaka ya 1960, ila vyuo vyetu, kwa sababu ya hesabu zao za vyeo, vimeanza kuikata vipande.

Nimependelea kuyasema haya Ziwani kuliko ukumbini mwa chuo, kwa kuwa hapa, baina ya Kariokor, Starehe na njia ziendazo Gikomba, kazi ya herufi haifichwi. Hufanywa nje, mchana, mbele ya watoto watokao shule, na kila mpita njia huwa mtahini. Tuanze, basi, na mwandishi wa vibao.

Fundi anayeijua kazi yake huupaka ubao rangi ya chini mara mbili, akauacha ukauke sawasawa. Kisha huchukua uzi, akausugua chaki, akaukaza toka ncha hii ya ubao mpaka ile, kijana wake akiwa ameshika upande wa pili, akauvuta kwa vidole viwili na kuuachia upige, pakabaki mstari mweupe ulionyooka kuliko wa rula. Kila safu hupigiwa mistari miwili, mmoja wa vichwa vya herufi na mmoja wa nyayo zake. Akiandika KINYOZI, haanzii kushoto, kwani aanziaye kushoto kwa furaha na herufi nene hufika mwisho wa ubao akiwa na herufi tatu mkononi na nafasi ya moja; hutafuta kwanza katikati ya neno, akizihesabu zile I mbili kuwa nusu nusu kwa wembamba wake, na hesabu hiyo humtua juu ya Y, naye huiweka Y katikati ya ubao na kutoka hapo akaenda pande zote mbili. Sasa litazameni jambo hili, maana ndilo lililonileta: anapoifikia O, huipitisha kidogo juu ya mstari wa juu na kidogo chini ya mstari wa chini. Ukimwuliza kwa nini anauvunja mstari alioupiga kwa taabu yote ile, atakwambia kwamba ikikaa sawa na wenzake huonekana imesinyaa.

Maneno hayo ni kweli kabisa. Duara hugusa mstari kwa nukta moja tu, na jicho, lisilotumia rula, huihukumu herufi kwa uzito wake wote. Kwa hiyo wachonga herufi za chapa wa Ulaya, tangu karne za mwanzo za upigaji chapa, wameifanyia O vivyo hivyo, na karibu kila programu ya herufi iliyomo katika kompyuta zenu inazo O zilizopita mstari. Fundi wa Ziwani amelifikia neno lile lile kwa njia ya aibu ya kibao kibaya alichopaswa kukitazama kila siku akienda kula chakula cha mchana. Chuo hakina la kumfundisha juu ya O. Kinalo la kumweleza sababu, ili kesho, akipewa herufi ya alfabeti asiyoijua, au kioo kidogo cha simu mahali pa ubao, asilazimike kuanza upya kwa aibu. Hapo ndipo ualimu unapozaliwa; na mwalimu ambaye hajapata kuharibu kibao chake mwenyewe hataijua aibu ile, basi ataisoma sababu kutoka kitabuni, na wanafunzi, ambao pua zao ni kali katika mambo haya, watamsikia harufu.

Elimu hii ilikuja vyuoni kwetu kwa mlango wa sanaa nzuri. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930, na miongoni mwa wanafunzi wake wa awali alikuwamo kijana wa Mumias, Gregory Maloba, aliyepata kuwa mwalimu pale pale, na ambaye sanamu yake ya Uhuru imesimama mjini Kampala tangu 1962. Maloba baadaye alihamia Nairobi akaongoza idara ya usanifu katika kile chuo kilichofunguliwa 1956 kwa jina la Royal Technical College, nacho kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Huko huko alifundisha Selby Mvusi, msanii wa Afrika Kusini, mtu mwenye fikra kali, aliyeshikilia kwamba msanifu wa Kiafrika hana budi ashughulike na vitu vya maisha ya leo, vya mjini na vya kiwandani, wala asijifungie katika ukumbusho wa ufundi wa kale ili kuwafurahisha wageni. Mvusi alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1967, kabla mbegu aliyoipanda haijapata mvua za kutosha, na nionavyo mimi hasara ile haijafidiwa.

Lakini mtu ninayetaka tukae naye kitambo ni Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja Kenya katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa Uhuru, akafundisha sanaa katika chuo cha Kenyatta, akawa, pamoja na msanii Elimo Njau na wenzao, miongoni mwa walioanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa mwaka 1965, na ambaye mwaka 1973, yeye na mwandishi Hilary Ng'weno, walilitoa gazeti la Joe. Wazee mliomo humu mnalikumbuka. Lilikuwa gazeti la kuchekesha, na mhusika wake alikuwa mtu wa kawaida wa Nairobi, mwenye kodi ya nyumba, bosi, na jamaa watokao mashambani bila ya taarifa. Hadithi fupi za vijana waandishi zilitiwa humo, na vibonzo, na majalada ambayo hayakukosa kutambulika kutoka upande wa pili wa barabara. Ng'weno aliondoka mapema, na 1975 akaanzisha jarida la The Weekly Review. Hirst akaendelea, na Joe likaishi mpaka 1979.

Fikirini mambo aliyolazimika kuyajua mtu huyu. Kila toleo la gazeti lina idadi ya kurasa isiyobadilika, karatasi ya bei isiyotulia, mpiga chapa asiyengoja, na msomaji ambaye huenda Kiingereza ni lugha yake ya tatu, anayelisoma akiwa amesimama ndani ya basi. Uso wa mtu katika kibonzo uwe na mistari mingapi ili ajulikane kuwa ni karani na si polisi? Maneno yawe mangapi katika puto la usemi kabla picha haijazama? Maswali hayo hayana jibu maktabani. Jibu lake huja jumla ya nakala zilizorudi bila kuuzwa inapohesabiwa. Mtu aliyekwisha kuyajibu mara nyingi kwa fedha zake mwenyewe, akisimama mbele ya darasa, husema machache, na machache hayo hukaa.

Wala hakukomea katika kuchekesha. Katika miaka ya 1980 alishiriki katika mfululizo wa Pichadithi, vitabu vya picha vilivyochukua hadithi za makabila yetu, Lwanda Magere wa Waluo na Abunuwasi wa pwani wakiwamo, na kuzitia mikononi mwa watoto kwa bei ya mfukoni; na mwaka 1994, pamoja na Davinder Lamba wa Mazingira Institute, alitoa The Struggle for Nairobi, kitabu cha vibonzo chenye historia ya mji huu na ugomvi wake wa ardhi na mipango. Nakiita kitabu hicho utafiti, na aniitaye mzushi kwa neno hilo na anionyeshe utafiti mwingine wa mipango ya mji uliosomwa na mtu wa Ziwani bila ya kulazimishwa. Kuna nyaraka ndani yake, kuna tarehe, kuna hoja. Ila hoja imepangwa katika picha, na kila picha ni uamuzi kuhusu kitu gani kionekane na kipi kiachwe, uamuzi ambao mwandishi wa makala hujificha nao nyuma ya aya ndefu kama hizi zangu.

Wako watakaosema kuwa huyo ni mmoja, tena mgeni, na kwamba sisi hatukuwa na asili ya mambo haya. Hapo sikubali. Makatibu wa mji wa Siyu, huko pwani, katika karne ya 18 na ya 19, walinakili misahafu kwa wino mweusi na mwekundu. Na kanga, ambayo kila mama aliyeketi humu anazo kadhaa sandukuni, ni somo la usanifu wa michoro lisilopitwa: pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina limekaa chini ya mji, mstari mmoja, ambao ni lazima usomeke mgongoni mwa mwanamke anayetembea. Duka la Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa, lililoanzishwa 1887 na ambalo kanga zake hujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, limetoa majina hayo vizazi na vizazi. Zamani yalipigwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaingia ya Kirumi, na mchoraji akalazimika kuupanga upya uwiano wote wa nafasi ile ya chini. Ni tatizo lile lile la KINYOZI: neno refu, nafasi isiyorefuka. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili angeweza kulifanyia kazi miaka miwili asilimalize, naye angehitaji kujua biashara, nguo, upigaji chapa na Kiswahili kwa pamoja.

Utafiti wa fani hii, basi, ni kuuliza kwa utaratibu kile ambacho fundi hukiuliza kwa haraka: je, aliyekusudiwa ameelewa? Na majibu yake huweza kugusa dola. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipigia kura rasimu ya katiba, na ili hata asiyejua kusoma apate kuamua, tume ya uchaguzi iliwapa wenye kukubali alama ya ndizi na wenye kukataa alama ya chungwa. Chungwa likashinda; na kufikia uchaguzi wa 2007 tunda lile lilikwisha kuwa chama cha siasa, kwa kuwa alama nzuri, ikishapendwa na umati, haimrudii aliyeichora. Safari ya pili, Agosti 2010, matunda yakaachwa, ikatumiwa kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa la. Mwalimu wa michoro aliyeamka mapema angeuliza kwa nini, kati ya rangi zote za Mungu, zilichaguliwa hizo mbili ambazo wanaume fulani huzaliwa hawawezi kuzitofautisha.

Ama noti zetu mpya, zilizotolewa 2019, zina kisa kitamu zaidi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, imekataza sura ya mtu yeyote kuwamo katika fedha. Noti zikaja na jumba la mikutano la KICC, na mbele ya jumba hilo, kama mjuavyo, imeketi sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta. Je, picha ya sanamu iliyo mbele ya jengo ni sura ya mtu, au ni sehemu ya jengo? Mwanaharakati Okiya Omtatah aliliuliza swali hilo mahakamani, na Mahakama Kuu ikaikataa hoja yake. Sina neno na hukumu. Nasema tu kwamba mawakili walibishana siku hizo juu ya jambo ambalo ni letu, jambo la umbo na usuli wake, la kitu kinachoangaliwa na kitu kinachoonekana tu, na itakuwa vyema siku moja mwalimu wa michoro aitwe kizimbani kutoa ushahidi wa kitaalamu, kama aitwavyo daktari. Wala si ajabu fedha kumhitaji mtu wa fani yetu: huko Ujerumani mwaka 1923, thamani ya fedha ilipoanguka, jimbo la Thuringia lilimpa Herbert Bayer, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shule ya usanifu ya Bauhaus, kazi ya kusanifu noti zake za mamilioni. Miaka michache baadaye alikuwa akiongoza karakana ya uchapaji pale pale.

Bauhaus hiyo, iliyofunguliwa Weimar 1919 na kufungwa 1933, ilikuwa na desturi moja katika miaka yake ya kwanza ambayo ningependa tuiibe: kila karakana ilikuwa na walimu wawili, mmoja wa umbo na mmoja wa ufundi, msanii na fundi, wakifundisha wanafunzi wale wale. Sisi tunao wa kwanza, wenye shahada. Wa pili wako gerejini, hatua chache kutoka hapa, na hawaitwi chuoni ila siku ya kupaka rangi ukuta wa lango.

Nije kwenye hesabu za vyeo. Mhadhiri wa Kenya siku hizi hutakiwa awe na shahada ya uzamivu, ijapokuwa huko Marekani chama cha vyuo vya sanaa kimekwisha kukubali zamani kwamba shahada ya uzamili ya sanaa ni kilele cha kutosha kwa mtendaji. Na anapotaka kupanda, aghalabu hupimwa kwa idadi ya makala katika majarida. Matokeo yake ni ya kibinadamu mno. Mwalimu mwenye saa chache huziweka palipo na alama. Kibao cha zahanati kilichowawezesha kina mama kuufikia mlango wa chanjo bila kuuliza hakina alama. Makala juu ya vibao vya zahanati ina alama. Basi kibao huachwa, na makala huandikwa na mtu ambaye hana tena kibao cha kuandikia. Sikatai makala. Ninachokitaka ni kwamba kazi ya mkono, ikiambatana na maelezo ya swali iliyolijibu, watu walioijaribu na kasoro zilizorekebishwa, ipewe uzito sawa na makala, na ihukumiwe na jopo ambalo angalau mmoja wao amewahi kupokea malipo kutoka kwa mteja.

Upande wa mteja nao una fitina zake, na nisingependa vijana wadhani kuwa soko ni mahali pa unyofu. Yako mashirika yatangazayo shindano la nembo, yakapokea mamia ya michoro ya wanafunzi, yakatoa zawadi ndogo kwa mmoja na kuyachukua mawazo ya wengine bila ya salamu. Mwalimu anayefanya kazi nje ya chuo huyajua mashirika hayo na huwaonya wanafunzi wake. Asiyefanya kazi huwapeleka darasa zima. Na mwalimu huyo huyo wa nje yuko katika mtihani wake mwenyewe, kwani akiikubali kazi kwa bei ya chini, akiwa na mshahara wa chuo nyuma yake, humnyang'anya riziki yule aliyemfuzisha mwaka jana. Kaida yangu ni nyepesi: mwalimu asitoze chini ya mwanafunzi wake.

Nimeliacha la mwisho makusudi, nalo ni la matatu. Hapana mahali Afrika Mashariki ambapo herufi, picha na rangi zimeshindana kwa ukali kuliko ubavuni mwa magari ya njia za Eastlands, ambako fundi hubandika utepe, akakata umbo kwa wembe, akapuliza rangi kwa kompresa, akabandua, akarudia kwa rangi ya pili na ya tatu, mpaka basi likaingia stendi abiria wakaliacha la mbele tupu ili walipande hilo. Kisha zikaja kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda ya kiti, vidhibiti mwendo, na mstari wa manjano kulizunguka gari zima. Kanuni ziliokoa maisha, sina ubishi. Lakini magari yalipopakwa rangi moja, chini yake ilizikwa kazi ya miaka mingi. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliiruhusu michoro irudi, 2018 kanuni zikakazwa tena, na mafundi wakawa wanapaka na kufuta kwa kufuata upepo wa serikali. Sasa mtafiti akitaka kujua herufi za matatu za miaka ya 1990 zilitoka wapi, nani alimfundisha nani, ni gereji ipi iliyoanza kutia kivuli nyuma ya herufi, hana pa kwenda. Kazi zenyewe zimefutwa au zimekatwakatwa kuwa vyuma chakavu.

Picha, hata hivyo, zipo. Ziko katika albamu za madereva na za makanga waliosimama mlangoni siku gari lilipotoka gereji, ziko kabatini kwenu. Nawasihi, basi, nyinyi mlio na picha ya matatu iliyopakwa rangi kabla ya Februari 2004: iandikeni nyuma yake, kwa kalamu ya risasi isiyoharibu karatasi, jina la fundi, gereji, njia na mwaka, kisha mpelekeeni mwanafunzi yeyote wa usanifu aliye karibu nanyi aipige nakala, na asili yake mrudi nayo nyumbani.